Sura ya Tano: Mkono wa Kushoto

Chukua gitaa lililotyuniwa kawaida, kama linavyofundishwa kila mahali, kuanzia vyuo vya muziki hadi vijiweni, kisha jaribu kupiga wimbo wowote mashuhuri wa Joni Mitchell kwa kufuatisha sikio. Utahangaika. Vidole vitazunguka shingo ya gitaa vikitafuta sauti ambazo havitazipata, na ukifanikiwa kubana mbili, ya tatu itakuwa mbali kuliko kiganja kinavyoweza kutanuka. Wapigaji stadi walihangaika hivyo miaka na miaka, wakiamini kwamba yule dada kutoka Kanada ana vidole virefu ajabu. Kumbe mkono wake wa kushoto, ule unaobana nyuzi, ulikuwa dhaifu tangu utotoni. Aliposhindwa kuukaza mkono, alizilegeza nyuzi.

Yamesemwa mengi juu ya Joni Mitchell: uzuri wake, wanaume aliowapenda, mashairi yake, ukali wa ulimi wake. Mimi naona kwamba ukiuelewa huo mkono umeshaelewa zaidi ya nusu ya kazi yake, maana yote aliyoyafanya baadaye aliyafanya kwa mtindo uleule. Kanuni ikimkataa, yeye hubadilisha chombo.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1943 katika mji mdogo wa Fort Macleod, mkoa wa Alberta, magharibi mwa Kanada, akapewa jina la Roberta Joan Anderson. Baba yake alikuwa katika jeshi la anga wakati wa vita, na vita vilipokwisha akawa msimamizi wa duka la vyakula. Mama yake alikuwa mwalimu. Mtoto wao huyo wa pekee alikulia Saskatchewan, hasa mji wa Saskatoon, nchi ya mashamba ya ngano yasiyo na mwisho na baridi ya kugandisha mate.

Mwaka 1953, akiwa na miaka tisa, alipata polio. Huo ndio mwaka Kanada ilipopigwa vibaya kuliko mwingine wowote na ugonjwa huo, miaka miwili tu kabla chanjo ya Jonas Salk haijatangazwa. (Neil Young, Mkanada mwenzake ambaye naye angekuja kuwa nguzo ya muziki huohuo, alikuwa ameshaugua polio miaka miwili kabla.) Joan alilazwa akiwa na uti wa mgongo uliopinda na miguu isiyomtii, huku watu wazima wakinong'ona kwamba huenda asitembee tena. Krismasi ilipokaribia akaanza kuimba nyimbo za sikukuu kitandani, kwa sauti kubwa, hata mtoto wa kitanda cha jirani akachoshwa. Baadaye angesema kwamba hapo ndipo alipogundua kuimba mbele ya watu. Miguu ilipona. Mkono wa kushoto ulibaki na udhaifu wake, na haukumtoka maisha yake yote.

Gitaa halikuwa ndoto yake. Ndoto ilikuwa uchoraji, na mpaka leo hujitaja kama mchoraji kwanza, mwanamuziki baadaye. Alianza na ukulele kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu, kisha akapata gitaa na santuri ya mafunzo ya Pete Seeger. Somo lililomshinda lilikuwa la upigaji wa Elizabeth Cotten, ambapo dole gumba hutembea kati ya nyuzi nene bila kupumzika huku vidole vingine vikipiga melodia juu yake. Msomaji anayeijua "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco ana picha ya ufundi wa aina hiyo: mtu mmoja, gitaa moja, na masikio yanayoapa kwamba wapigaji ni wawili. Joan hakuupata mtindo wa Cotten sawasawa. Kilichotoka kilikuwa chake mwenyewe, na hakukisahihisha.

Mwaka 1964 aliacha chuo cha sanaa cha Calgary baada ya mwaka mmoja, akaenda Toronto kuimba katika vile vibanda vya kahawa ambamo vijana walikuwa wakisikiliza nyimbo za asili, yaani folk. Alikuwa mjamzito na mwanamume alikuwa ameshaondoka. Katika Kanada ya wakati ule, msichana kuzaa nje ya ndoa ilikuwa aibu ya kufichwa hata kwa wazazi. Februari 1965 alijifungua mtoto wa kike. Miezi michache baadaye akaolewa na mwimbaji Mmarekani, Chuck Mitchell, wakahamia Detroit, na mtoto akatolewa kulelewa na familia nyingine. Ndoa haikufika miaka mitatu. Kilichobaki kwake ni jina la Mitchell, na wimbo mmoja, "Little Green", ambao watu waliusikiliza zaidi ya miaka ishirini bila kujua kwamba unamzungumzia mtoto halisi.

Detroit ndiko gitaa lilikobadilika. Nyumba ya akina Mitchell ilikuwa kituo cha wanamuziki wapitao, na mmoja wao, Eric Andersen, alimwonyesha namna mbili tatu za kutyuni kwa uwazi. Hapa inabidi tuingie karakana kidogo.

Nyuzi sita za gitaa la kawaida, ukizipiga bila kubana chochote, zinatoa mchanganyiko usiotulia. Kazi ya mkono wa kushoto ni kuzipatanisha, na ndiyo maana mwanafunzi huota sugu na kulaani. Lakini unaweza kulegeza au kukaza nyuzi zenyewe mpaka zikipigwa tupu ziwe zimeshapatana, ziwe kordi kamili. Hapo kidole kimoja tu, kikilazwa kuzivuka zote, kinaihamisha kordi nzima juu au chini. Wapigaji wa blues wa Mississippi waliijua mbinu hii zamani. Kwa mtu mwenye mkono wenye nguvu ni ladha ya ziada. Kwa Mitchell ulikuwa mlango, naye hakuishia mlangoni. Akaanza kubuni mapatano yake, mengine akiyatafuta kwa kusikiliza sauti za mahali alipokuwa, milio ya ndege ikiwemo, na kwa muda wote wa kazi yake akatumia namna zaidi ya 50.

Ili asizisahau alikuwa akiziandika kwa ufupisho. Mfano: D 7 5 4 3 5. Herufi ni sauti ya uzi mnene kabisa. Kila namba inakuambia ubane uzi uliokwisha kuutyuni kwenye freti ya ngapi, vile vyuma vyembamba vya shingoni, ili upate sauti ya uzi unaofuata. Ukilitii agizo hilo na kuvuta nyuzi zote sita, utasikia kordi ya D ikijimwaga yenyewe, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni. Nyingine ni za ajabu zaidi. Zinazaa kordi ambazo vitabu havina jina la kuzipa, zilizokaa kati ya furaha na huzuni bila kuamua. Yeye mwenyewe aliziita kordi za kuuliza maswali. Nadhani hapo ndipo mashairi yake yalipotoka, maana ni vigumu kuimba jibu rahisi juu ya kordi isiyotaka kutulia.

Machi 1967 alikuwa ndani ya ndege akisoma Henderson the Rain King, riwaya ya Saul Bellow kuhusu Mmarekani tajiri anayekimbilia Afrika kutafuta maana ya maisha. Katika kitabu, Henderson naye yuko ndani ya ndege, akiyatazama mawingu kutoka juu. Mitchell akageukia dirisha lake, akaona mawingu yaleyale, akaanza kuandika. Alikuwa na miaka 23. "Both Sides Now" ulimtajirisha kwanza Judy Collins, ambaye rekodi yake iliingia kumi bora za Marekani mwaka 1968, kabla mtunzi hajautoa kwa sauti yake. Ndivyo mambo yake yalivyokwenda mwanzoni. Tom Rush aliimba nyimbo zake, Collins aliziimba, na watu wakajua nyimbo kabla ya kumjua mwenyewe.

Mwanamuziki David Crosby alimkuta akiimba katika klabu moja ya Florida, akamleta Los Angeles na kusimamia albamu ya kwanza, iliyotoka 1968. Msaada wake mkubwa ulikuwa kuwazuia watu wa kampuni wasimjazie vyombo. Machi mwaka huo Jimi Hendrix, aliyekuwa Ottawa kwa shoo yake, alikwenda kumsikiliza katika kiklabu kiitwacho Le Hibou, akiwa amebeba mashine yake kubwa ya kurekodi. Akapiga magoti chini ya jukwaa, akairekebisha wakati wote dada yule akiimba. Mpigaji gitaa la umeme aliyekuwa akitikisa dunia nzima yuko sakafuni, anaangalia mishale ya mashine, anasikiliza nyuzi ambazo hajui zimetyuniwaje. Mkanda huo uliibwa muda mfupi baadaye, ukapotea miongo mingi, ukapatikana, na mwaka 2021 ukatolewa rasmi.

Julai 1969 aliimba katika tamasha la folk la Newport, Marekani, ambalo mwaka huohuo lilimpandisha jukwaani pia Mwenda Jean Bosco kutoka Katanga. Mwezi uliofuata vijana zaidi ya laki nne walikusanyika katika tamasha la Woodstock. Mitchell hakwenda. Jumatatu yake alitakiwa katika kipindi cha televisheni cha Dick Cavett, na wakala wake, David Geffen, aliogopa kwamba akiingia kwenye msongamano ule hatatoka. Akabaki New York akitazama habari. Cha kuchekesha ni kwamba Crosby na mwanamuziki mwenzake Stephen Stills walikwenda, wakaimba, wakarudi, na wakawahi kukaa katika kipindi kilekile wakisimulia. Lakini wimbo wa "Woodstock", uliolipa tamasha hilo heshima ambayo matope yake yasingelipa, uliandikwa na yule aliyekosa.

Jukwaa lilikuwa na adha yake. Kila wimbo na mapatano yake maana yake ni kutyuni upya mbele ya umati, nyuzi zikicheza kwa joto na baridi, na kujaza ukimya kwa hadithi. Katika ukumbi mdogo ilipendeza. Katika kisiwa cha Wight, Uingereza, Agosti 1970, mbele ya malaki ya watu wenye njaa na hasira, nusura imshinde. Mtu mmoja alipanda jukwaani na kung'ang'ania kipaza sauti, akaondolewa kwa nguvu, umati ukazomea. Mitchell, machozi yakimlenga, akaacha kupiga na kuwaomba wawaheshimu wanaoimba. Wakanyamaza. Ukitazama filamu ya siku ile utaona mikono yake ikirudi kwenye kinanda kwa kusitasita.

Alikuwa ameshachoka na umaarufu. Mapema mwaka huo alikuwa amejiendea Ugiriki, akakaa Matala, kijiji cha mapango huko Krete, akiwa na dulcimer, kinanda cha nyuzi chache kinachopakatwa magotini. Kilichotoka katika kipindi hicho ni Blue, ya Juni 1971. Wengi huiita albamu bora ya aina yake, nami sioni sababu ya kubisha. Mwimbaji Kris Kristofferson alipoisikia alimshauri abakize kidogo kwa ajili yake mwenyewe. Gazeti la Rolling Stone, lenyewe, lilikuwa likishughulika kuhesabu wapenzi wake na kumpa cheo cha kejeli, jambo ambalo halikufanyiwa hata mmoja wa wanaume waliokuwa wakipokezana wapenzi katika bonde lilelile alikokaa, Laurel Canyon huko Los Angeles. Aliwanunia miaka mingi. Alikuwa na haki.

Baada ya hapo mwimbaji mwenye busara angetengeneza Blue ya pili. Yeye akatafuta bendi. Wapigaji wa rock walishindwa kumfuata, wakilalamika kwamba kordi zake hazieleweki, mpaka mpiga ngoma mmoja akamshauri atafute watu wa jazi. Court and Spark ya 1974 ilifika nafasi ya pili Marekani, na hakuna albamu yake nyingine iliyowahi kuuza kiasi hicho.

Mwaka uliofuata akatoa The Hissing of Summer Lawns, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki atege sikio. Wimbo wa pili, "The Jungle Line", umejengwa juu ya ngoma za Burundi. Si ngoma za kuigiza. Ni rekodi iliyofanywa na Wafaransa nchini humo miaka ya 1960 na kutolewa na Ocora, lebo ya redio yao. Kipande chake kikakatwa, kikaungwa mkanda uzunguke, na juu yake akaweka gitaa na kinanda cha Moog kinachounguruma. Miaka mingi kabla watu wa hip hop hawajaifanya kazi hiyo kuwa sanaa ya kila siku, yeye alikuwa ameshaifanya.

Ni wimbo mzuri wa kutisha. Lakini tujue zile ngoma zilikuwa nini. Zilikuwa ngoma za mwami, zenye watunzaji wa ukoo kwa ukoo, hazipigwi kiholela. Ufalme ulivunjwa mwaka 1966, na mwaka 1972, miaka mitatu tu kabla ya albamu, Burundi ilipita katika mauaji yaliyoondoka na watu wasiopungua laki moja kwa makadirio ya wengi. Hakuna hata chembe ya hayo katika wimbo. Unamzungumzia Henri Rousseau, mchoraji Mfaransa aliyechora misitu ya chui na nyoka maisha yake yote bila kutoka Ufaransa. Watetezi wake husema alijua anachofanya, kwamba anamcheka mzungu anayeota msitu. Huenda. Wapigaji wenyewe walibaki kundi lisilo na jina la mtu hata mmoja. Na miaka miwili baadaye, kwenye jalada la Don Juan's Reckless Daughter, Mitchell alijipaka rangi na kujivika kama mwanamume Mweusi, akaona ni sanaa. Mtu aliyezoea kwamba kila chombo kinaweza kutyuniwa upya apendavyo, ipo siku atasahau kwamba vingine vina wenyewe.

Kati ya albamu hizo mbili kuna Hejira ya 1976, ninayoipenda kuliko zote. Aliitunga akiendesha gari peke yake kutoka Maine hadi California, bila leseni, kwa kusimulia kwake, akijibanza nyuma ya malori kwa kuwa madereva wake hupeana ishara polisi wakiwa mbele. Besi ya Jaco Pastorius, isiyo na freti, inaimba pembeni yake kama mtu wa pili ndani ya gari. Jina alilipata akipekua kamusi, akitaka neno la kuondoka kwa heshima. Msomaji wetu hahitaji kamusi.

Charles Mingus, gwiji wa besi la jazi aliyekuwa akifa kwa ugonjwa wa neva, alimwita amwandikie maneno ya melodia zake za mwisho. Alifariki Januari 1979 kabla kazi haijaisha, na albamu iliyoitwa kwa jina lake ikawakimbiza wasikilizaji wengi waliokuwa wamebaki. Miaka ya 1980 aliicheza kwa vinanda vya kompyuta vya wakati ule. Sina hamu ya kuirudia.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 alikuwa karibu kuacha. Madhara ya polio yalikuwa yamerudi kama yanavyowarudia wengi waliougua utotoni, misuli ikichoka, na mgongo ukikataa uzito wa gitaa. Kutyuni jukwaani kulikuwa kumemchosha kabisa. Zaidi ya hayo, nyimbo nyingine alishasahau jinsi ya kuzipiga. Kwa miaka mingi mtunza kumbukumbu wake, mpiga picha Joel Bernstein, aliyekuwa ameandika mapatano yote, ndiye aliyemfundisha mtunzi nyimbo zake mwenyewe. Kilichomrudisha kilikuwa VG-8, mashine ya Kijapani ya Roland: gitaa linabaki katika sauti moja, halafu kompyuta inabadilisha mapatano kwa kubonyeza kitufe. Mwaka 1996 Turbulent Indigo ikapata Grammy ya albamu bora ya pop. Mwaka 1997 akakutana na binti yake, mtu mzima wa miaka 32.

Sauti nayo ilikuwa imeshuka. Alianza sigara akiwa na miaka tisa, na hakuwahi kuomba radhi kwa hilo. Mwaka 2000 aliurudia "Both Sides Now" mbele ya okestra kubwa, taratibu, kwa sauti nzito yenye moshi. Yule wa 1969, alipourekodi mara ya kwanza, anaimba juu ya mambo aliyoyasoma. Huyu wa 2000 ameyapitia.

Machi 2015 alikutwa sakafuni nyumbani kwake Los Angeles. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani. Ilibidi ajifunze upya kusema na kutembea, mara ya pili kwa miguu hiyohiyo. Gitaa nalo lilikuwa limefutika. Alipopata nafuu alitazama video zake za zamani, akiangalia vidole vya yule msichana vinakaa wapi, kisha akaviweka vyake hapohapo. Wanamuziki wadogo kwake, wakiongozwa na Brandi Carlile, wakawa wanakuja kuimba sebuleni.

Tarehe 24 Julai 2022 Carlile alimpandisha jukwaani Newport bila tangazo lolote. Hakuwa ameimba pale tangu 1969. Alikaa kwenye kiti kikubwa cha enzi, kofia ya bluu kichwani, na alipofika kwenye "Both Sides Now", mwimbaji Wynonna Judd aliyekuwa nyuma yake alilia waziwazi mbele ya kamera. Mimi nilitazama zaidi kipande kingine. Aliinuka, akavaa gitaa la umeme, akapiga "Just Like This Train" bila kuimba, miaka 78, mkono wa kushoto ukipanda na kushuka shingoni kwa uangalifu, mapatano yakiwa yake.

Rekodi ya siku ile ilimpatia Grammy ya Februari 2024, na usiku huohuo, akiwa na miaka 80, akaimba kwa mara ya kwanza katika hafla ya tuzo hizo. Ilikuwa tuzo ya albamu bora ya folk. Grammy yake ya kwanza, ya 1970, nayo ilikuwa ya folk. Katikati kuna miaka 54, ambayo karibu yote aliitumia kuwaambia waandishi wa habari kwamba yeye si mwimbaji wa folk.